Halmashauri Haikufa Siku Moja: Kisa cha Kuandika Historia ya Halmashauri ya Wilaya Iliyofutwa 1972

Kisa chenyewe

Halmashauri moja ya wilaya, Tanzania Bara, iliunda kikundi cha watu wanne kiandike historia ya utawala wa eneo lake tangu enzi za Mamlaka ya Wenyeji, yaani utawala wa machifu chini ya wakoloni. Rasimu ya kwanza ilisomwa mbele ya madiwani na wazee, na wazee wakaikataa siku hiyohiyo. Ilikuwa imesimulia habari za halmashauri moja iliyoishi mfululizo tangu 1926, na waliokuwepo walijua fika kwamba kuna miaka ambayo hapakuwa na halmashauri. Kikundi kikaenda kwenye majalada, kikaanza upya kwa njia nyingine.

Majina ya wilaya, kata, mito na watu yameondolewa, na mazao yametajwa kwa jumla tu. Sheria na miaka ya kitaifa imeachwa kama ilivyo, kwa sababu ni ileile kwa wilaya zote za vijijini za bara na anayeandika historia ya kwao ataihitaji.

Usuli: halmashauri ya aina gani?

Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron alileta sheria ya Mamlaka ya Wenyeji na kuweka Tanganyika chini ya utawala wa kupitia machifu. Kila mamlaka ikawa na hazina yake, mahakama yake na makarani wake. Hapa ndipo watu wengi huanzia wanapoandika historia ya halmashauri, na si vibaya, mradi ieleweke kwamba hiyo haikuwa halmashauri. Chifu alikuwa mtawala, hakimu na mkusanya kodi kwa wakati mmoja, na juu yake alikuwapo mkuu wa wilaya wa Kiingereza aliyekaa bomani.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1953 ndiyo iliyofungua mlango wa mabaraza yenye hadhi ya kisheria ya kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Mlango huo haukupitwa kwa urahisi. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipolazimisha baraza la watu wa rangi zote (Waafrika, Waasia na Wazungu) huko Geita, watu waliandamana kwa maelfu mpaka Mwanza, na serikali ikalazimika kurudi nyuma. Sehemu nyingi za vijijini ziliingia kwenye Uhuru zikiwa bado na Mamlaka ya Wenyeji.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda kasi. Mikoa na wilaya zilipata wakuu wapya walioteuliwa kisiasa mwaka 1962. Machifu wakaondolewa madarakani kisheria kuanzia 1963, na Mamlaka za Wenyeji zikageuzwa halmashauri za wilaya. Wilaya ya kisa hiki ilipata hati yake katika kipindi hicho. Halmashauri iliendesha shule za msingi, zahanati, barabara ndogo, visima, masoko na minada. Mapato yake makubwa yalikuwa mawili: kodi ya kichwa, na ushuru wa mazao uliokatwa pale mkulima alipouza mazao yake kwa chama cha ushirika. Katikati ya miaka ya 1960, mwenyekiti wa TANU wa wilaya ndiye aliyekuwa pia mwenyekiti wa halmashauri.

Mwaka 1969 kodi ya kichwa na ushuru wa mazao vilifutwa nchi nzima. Kwa wananchi ilikuwa nafuu kubwa. Kwa halmashauri za vijijini ilikuwa kama kukatwa mshipa: zilibaki na leseni, ada za soko, na ruzuku ya Serikali Kuu. Kisha ikaja Madaraka Mikoani. Tarehe 1 Julai 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa, za miji zikafuata baadaye, na mamlaka yakawekwa chini ya wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya walioteuliwa na serikali. Halmashauri za miji zilirudishwa kwanza, kwa sheria ya 1978. Za wilaya zilirudi kwa sheria za serikali za mitaa za 1982, na zikaanza kazi 1984.

Baina ya 1972 na 1984 ni miaka kumi na miwili, na katika rasimu ya kwanza miaka hiyo ilipewa sentensi moja tu.

Mambo yalivyokwenda

Kikundi kilikuwa na mwalimu mstaafu wa historia, ofisa wa masijala, mpima ardhi na kijana mmoja wa kupiga picha nyaraka na kuchapa. Kwa rasimu ya kwanza walitumia vitu vitatu: ripoti za halmashauri ya sasa, hotuba za sherehe mbalimbali, na mahojiano machache ya papo kwa papo. Hawakufungua hata daftari moja la mihutasari. Walidhani yote yamepotea, kwa kuwa ndivyo walivyoambiwa na kila mtu waliyemuuliza.

Siku ya kusomwa rasimu, pingamizi tatu zilijitokeza. Ya kwanza ilihusu jedwali la viongozi. Safu ya wenyeviti ilikuwa imejaa tangu miaka ya 1920 bila pengo. Kumbe wa mwanzo walikuwa machifu, waliofuata walikuwa wenyeviti wa halmashauri, na walioandikwa kati ya 1972 na 1984 walikuwa wakurugenzi wa maendeleo, yaani watumishi wa serikali ambao hawakuchaguliwa na mtu. Watu wa aina tatu walipangwa chini ya kichwa kimoja.

Ya pili ilihusu ramani. Rasimu iliweka ramani ya wilaya ya leo na kuiita eneo la halmashauri ya zamani, ilhali eneo hilo sasa limegawanyika katika wilaya tatu. Wazee wa tarafa moja walikuta kwao hakumo kabisa, ingawa walilipa kodi yao huko mpaka ilipofutwa.

Ya tatu ndiyo iliyouma. Rasimu ilidai kwamba ghala moja kuukuu karibu na soko ni mali ya halmashauri "tangu zamani". Wazee wakasema lilikuwa la chama cha ushirika. Kwa vile halmashauri ya sasa ilikuwa na mgogoro juu ya kiwanja hichohicho, kitabu cha historia kilikuwa kinakaribia kugeuzwa ushahidi wa kesi.

Awamu ya pili ilianza masijala. Ofisa wa masijala aliomba ruhusa ya kufungua stoo ya nyuma ya jengo la zamani la boma. Ndani, chini ya fomu za sensa na matairi mabovu, kulikuwa na sanduku la bati lenye madaftari ya mihutasari, leja za fedha zisizo kamili, na daftari moja refu lenye jalada la kitambaa cheusi. Hilo la mwisho ndilo lililobadilisha kazi yote.

Lilikuwa daftari la mali. Kila ukurasa una safu tano zilizopigwa mstari kwa wino: namba, kitu, idadi, hali, na maelezo. Viti, meza, mizani ya soko, mashine ya kuchapa, baiskeli za watendaji, masanduku ya dawa. Kwenye kurasa za mwisho safu ya maelezo imeongezewa kwa mkono mwingine maneno "imekabidhiwa kwa", kisha jina la ofisi na sahihi. Vitu vya shule vimekwenda idara ya elimu, vya zahanati idara ya afya, na mizani na meza za ofisi zimekwenda kwa mkurugenzi wa maendeleo. Mchwa wamekula pembe ya chini ya kila ukurasa, na sahihi kadhaa zimekwenda nazo. Ghala la sokoni halimo. Kilichomo ni "chumba kimoja cha ghala", na kwenye maelezo pameandikwa kwamba ni cha kupanga.

Baada ya hapo kikundi kilipeleka mtu Dar es Salaam, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Alitafuta vitu viwili tu: kitabu cha wilaya, ambacho wakuu wa wilaya wa kikoloni walikuwa wakiandika habari za makabila, mipaka, mvua, masoko na machifu, na Matangazo ya Serikali ya kuanzisha na kurekebisha halmashauri. Nyaraka za serikali hufunguliwa zikitimiza miaka thelathini, kwa hiyo kipindi chote kilichotafutwa kilikuwa kimeshafunguka.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mkubwa ulikuwa kuacha kuandika kwa mfuatano wa watawala na badala yake kufuata nyuzi, yaani kazi moja moja za utawala. Walichagua tano: mahakama, fedha, watumishi, mali, na mipaka. Kila uzi ukapewa kadi zake, na kila kadi ikajibu maswali manne: ulianza lini, ulikuwa chini ya nani, ulikatika lini, ulikwenda kwa nani. Sababu ni kwamba daftari la mali lilikuwa limeshaonyesha jambo ambalo tarehe moja ya kufutwa haiwezi kulieleza. Tarehe 1 Julai 1972 ilimaliza uhai wa kisheria wa halmashauri. Viungo vyake vingine vilikuwa vimekwisha kuondoka, na vingine viliendelea kutembea miaka mingi baadaye.

Mahakama ziliondoka kwanza. Chini ya Mamlaka ya Wenyeji, faini na ada za mahakama ziliingia katika hazina ya wenyeji. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 iliunda Mahakama za Mwanzo na kuzitoa mikononi mwa utawala wa wilaya. Katika leja za kisa hiki mstari wa mapato ya mahakama unakoma katikati ya miaka ya 1960. Rasimu ya kwanza ilikuwa imeeleza kukoma huko kuwa ni "kushuka kwa mapato kwa sababu ya uzembe". Uzembe haukuwepo. Kazi yenyewe ndiyo iliyohama.

Fedha zilifuata 1969. Uamuzi hapa ulikuwa kutolinganisha makadirio ya 1968 na ya 1971 kama vile ni ya chombo kilekile, bali kuyatenganisha kwa mstari mnene na maelezo chini yake. Kulikuwa pia na mitego midogo iliyohitaji kanuni iliyoandikwa. Baadhi ya makadirio ya kikoloni yako kwa pauni na mengine kwa shilingi. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi ya Tanzania ilipoanza 1966 ilichukua nafasi ya ile ya Afrika Mashariki moja kwa moja. Kikundi kiliandika kiasi kama kilivyo kwenye karatasi, kikaweka ubadilishaji katika safu ya pembeni, na hakikujaribu kukileta kwenye thamani ya leo. Tunaona walifanya vyema. Msomaji anayeambiwa kwamba kodi ya 1960 ni sawa na shilingi kadhaa za leo huondoka na namba isiyomsaidia. Akiambiwa ilikuwa sawa na bei ya magunia mangapi ya mazao kwenye daftari hilohilo, anaelewa uzito wake.

Mwaka wa fedha nao ulileta taabu. Leja za halmashauri hii zilifungua Januari na kufunga Desemba, ilhali kufutwa kulikuja Julai. Kwa hiyo hesabu za 1972 ni za miezi sita. Mchapaji alikuwa amezipanga sambamba na za 1971, na grafu ikaonyesha mporomoko mkubwa ambao nusu yake ilikuwa kalenda tu.

Kuhusu watumishi, ugunduzi ulitokana na mwandiko. Kijana aliyekuwa akipiga picha aligundua kwamba herufi "k" yenye mkia mrefu inayoonekana kwenye mihutasari ya baraza la machifu mwishoni mwa miaka ya 1950 ni ileile iliyo kwenye mihutasari ya halmashauri ya 1966, na ni ileile tena kwenye orodha ya makabidhiano ya 1972. Karani mmoja alikuwa amepita katika tawala tatu akiwa kwenye meza yake. Kikundi kikaamua kufuata barua za ajira za makarani, wauguzi wa zahanati na watendaji badala ya wenyeviti peke yao. Walikuta wengi waliingizwa katika utumishi wa serikali 1972, na baadhi yao wakarudi halmashauri 1984. Huo ndio mwendelezo halisi uliokuwepo: kumbukumbu ya kazi ilibebwa na watu. Halmashauri ya 1984 ilikuwa chombo kipya kisheria, lakini haikuanza ikiwa haijui kitu.

Kwa mipaka, mpima ardhi alichukua maelezo ya Tangazo la Serikali, ambayo hutaja mito, vilima, njia na mawe ya mpaka, akayachora juu ya karatasi angavu ya kunakilia iliyowekwa kwenye ramani za 1:50,000. Wino mwekundu ulitumika pale alama inapoonekana wazi kwenye ramani, na penseli pale alipokisia. Kisha akapanda pikipiki na mzee mmoja wa kila upande, wakapita sehemu za penseli. Kanuni yake ilikuwa kwamba neno la mzee mmoja halibadilishi penseli kuwa wino. Wawili wa pande tofauti wakikubaliana bila kuwa wamekaa pamoja, hapo inabadilika.

Mahojiano nayo yalibadilishwa. Badala ya kuuliza "mwaka gani", walipanga vigingi vya matukio: Uhuru 1961, kuondolewa kwa machifu, Azimio la Arusha 1967, kufutwa kwa kodi ya kichwa, Operesheni Vijiji, kuzaliwa kwa CCM 1977, vita vya Kagera. Mzee aliulizwa kama jambo lilitokea kabla au baada ya kigingi, na kigingi kinachofuata vilevile, mpaka nafasi ikawa finyu. Neno "halmashauri" lenyewe lilihitaji uangalifu. Kwa wazee kadhaa lilimaanisha halmashauri ya TANU ya tawi au ya wilaya, na baraza la serikali ya mitaa wao waliliita "baraza" tu. Zaidi ya hapo, baada ya 1972 kulikuwa na halmashauri ya maendeleo ya wilaya, ambayo ilikuwa na wajumbe wa kuchaguliwa lakini haikuwa na uwezo wa kutoza kodi wala kutunga sheria ndogo kama ile ya zamani. Anayesoma jalada la 1975 na kukuta "halmashauri ya wilaya imeamua" anaweza kudhani halmashauri haikufutwa. Mkanganyiko wa neno hilohilo ndio ulioipoteza rasimu ya kwanza. Kikundi kiliamua kuandika jina kamili la chombo kila kinapotajwa, hata pale sentensi inapolemaa kidogo.

Kuhusu karatasi zenyewe, utaratibu ulikuwa wa kawaida ila ulishikwa kwa nidhamu. Penseli tu mezani. Hakuna gundi ya utepe kwenye mipasuko. Pini zilizoshika kutu zilitolewa kwa kuzinyanyua taratibu kwa kipande cha kadi, hazikuvutwa. Kila ukurasa ulipigwa picha pamoja na kipande cha karatasi chenye namba ya jalada na namba ya ukurasa, na kurasa tupu pia zilipigwa, kwa sababu ukurasa tupu kati ya Juni na Desemba 1972 ni taarifa. Jina la picha lilifuata namba hiyo, si tarehe ya simu.

Matokeo

Rasimu ya pili ilipita. Jedwali la viongozi likawa majedwali matatu, na kati ya la pili na la tatu kukawekwa ukurasa wenye kichwa "Miaka isiyo na halmashauri, 1972 hadi 1984", unaoeleza nani aliamua nini katika muda huo. Ramani zikawa mbili: ya eneo la zamani, na ya wilaya tatu za leo juu yake. Wazee wa tarafa iliyokuwa imeachwa walijikuta wamo.

Dai la ghala liliondolewa kitabuni. Mgogoro wa kiwanja ulibaki mikononi mwa wanaohusika, lakini nakala ya ukurasa wa daftari la mali ilipewa pande zote mbili, na hiyo ilipunguza kelele kwa kiasi kikubwa.

Madaftari yalihamishwa kutoka stoo. Yaliwekwa kwenye kabati la chuma lililoinuliwa juu ya matofali, mbali na ukuta kwa upana wa mkono, na nakala za picha zikawekwa sehemu mbili tofauti. Orodha ya majalada ilipelekwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Uchambuzi: kilichofaa

Kufuata nyuzi kulifaa kuliko jambo lolote jingine, na sababu yake inaenda ndani zaidi ya mpangilio wa sura. Historia ya halmashauri ya vijijini ikifuata viongozi, inalazimika kuwa na kiongozi kila mwaka, na mwandishi huishia kumbandika mtu yeyote kwenye pengo. Ikifuata kazi, pengo lina haki ya kuwepo. Shule iliendelea kufundisha Agosti 1972 kama ilivyofundisha Juni, ila aliyelipa chaki alibadilika. Hilo ni jambo la kuandikwa, na halionekani kwenye orodha ya wenyeviti.

Daftari la mali lilizaa zaidi ya mihutasari. Watu hutafuta mihutasari kwanza kwa kuwa ina maneno, na kweli ina maamuzi. Lakini mihutasari huandika kilichokubaliwa, si lazima kilichotendeka. Katika kisa hiki muhtasari mmoja wa miaka ya 1960 unakubali ununuzi wa baiskeli kwa kila mtendaji. Daftari la mali linaonyesha nusu yake tu ndizo zilizofika. Anayetaka kujua halmashauri iliweza nini aanzie kwenye orodha ya vitu na sahihi za waliovipokea.

Kumweka ofisa wa masijala ndani ya kikundi, tena mwenye neno, kulifungua stoo. Watafiti wa nje huambiwa "hakuna kitu" kwa sababu anayeulizwa hajui, au anaogopa kuulizwa kwa nini vitu viko katika hali ile. Mtu wa ndani aliuliza swali tofauti: funguo za stoo ya nyuma ziko kwa nani?

Uangalifu wa idadi ya watu pia ulistahili muda uliotumika. Sensa ya 1967 ilifanyika kabla ya watu kuhamishiwa vijijini, na ya 1978 baada yake. Kata yenye jina lilelile katika sensa zote mbili inaweza kuwa na watu tofauti kabisa waliotoka bonde jingine. Kikundi kililinganisha jumla ya eneo zima tu, hakikulinganisha kata kwa kata, na kilisema hivyo chini ya jedwali.

Kilichoshindikana

Kosa la mwanzo lilikuwa la mpangilio wa kazi: rasimu iliandikwa kabla ya orodha ya nyaraka kuwepo. Ilitosha siku chache za kupekua stoo na kuandika kila jalada kwenye mstari mmoja (namba, kichwa, mwaka wa kwanza, mwaka wa mwisho, hali) ili pengo la 1972 lijitokeze lenyewe. Majalada yote yalikoma au kubadilisha kichwa katika mwaka mmoja. Asiyeona hilo kwenye orodha hataliona kwenye hotuba.

Ushuru wa mazao haukupatikana kikamilifu, na hapa kikundi kilichelewa kufikiri. Ushuru ulikatwa kwa mkulima wakati wa kuuza, kwa hiyo hesabu kamili zilikuwa kwa vyama vya ushirika, na halmashauri ilipokea jumla. Vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa 1976, na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao. Kwa maneno mengine, mtunzaji wa daftari la ushuru alikuwa ameshakufa kabla halmashauri haijarudi. Kikundi kilikwenda kutafuta kwa mrithi wa halmashauri, wakati ilibidi kifuate njia ya mazao: chama cha msingi, chama kikuu, mamlaka ya zao, na kisha chama kikuu kilichofufuliwa baada ya sheria ya ushirika ya 1982. Walipofika huko mwishoni mwa kazi, bajeti ya nauli ilikuwa imeisha.

Wanawake waliohojiwa walikuwa wachache mno. Daftari la soko linaonyesha wanawake wakilipa ada ya meza wiki baada ya wiki, hata baada ya kodi nyingine kufutwa, yaani katika miaka ya mwisho wao ndio waliobeba sehemu kubwa ya kilichobaki cha mapato ya ndani. Orodha ya wasimuliaji iliandaliwa na ofisi za vijiji, na ofisi zikawaleta waliowahi kuwa viongozi. Kasoro hii inarekebishika kwa kwenda sokoni na daftari hilo mkononi na kuuliza mama zao waliuza nini na walilipa nani.

Mpaka wa kaskazini nao haukukamilika. Tangazo la Serikali linafuata mto, na mto umehama. Wazee wa ng'ambo hii wanautaja mkondo wa zamani, wa ng'ambo ile wanautaja wa sasa, na hakuna wawili wa pande tofauti waliokubaliana. Kwenye ramani iliyochapishwa sehemu hiyo imeachwa kwa nukta za penseli, na safu ya ushuru wa mazao kwa miaka ambayo leja haikupatikana imeachwa wazi, chini yake pakiwa pameandikwa ofisi zote ambako daftari lilishatafutwa.